Wasomaji Wanauliza: Nani Aliamua Nini Katika Picha ya Sura?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza upigaji picha za habari na nimeanza kukusanya kazi za kuwaonyesha wahariri ninaotarajia kuwaomba ajira. Kila ninapohojiwa naulizwa ni wapigapicha gani walionijenga, nami hutaja majina makubwa bila kuweza kueleza nilichochukua kwao. Mwalimu wangu anasema picha zangu za sura zinafanana na za watu wengine: nyuso za wazee, rangi nyeusi na nyeupe, mikunjo iliyokolezwa. Aidha, tumefundishwa kwamba mpigapicha wa habari hapaswi kumpanga mtu, ilhali picha ya sura haipigwi bila kumwambia mtu akae wapi na atazame wapi. Nijifunze nini kwa waliotangulia, na nifanye nini mtu anapokakamaa mara tu ninapoinua kamera?
Mwanafunzi wa upigaji picha za habari

JIBU: Ndugu mwanafunzi, maswali yako yana mzizi mmoja. Unachukua kwa waliotangulia vile vinavyoonekana upesi, yaani rangi, mwanga na mikunjo ya uso, na kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoigika kwa urahisi, kila mwanafunzi mwingine amekwisha kuvichukua. Ninakushauri uzisome picha hizohizo kwa swali tofauti: kati ya mpigapicha na aliyepigwa, nani aliamua nini? Nani alichagua mahali, nguo, mkao na wakati wa kubonyeza, na nani aliandika maneno yaliyowekwa chini ya picha?

Chukua picha ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyopigwa na Yousuf Karsh mjini Ottawa tarehe 30 Desemba 1941. Churchill alikuwa ametoka kulihutubia Bunge la Kanada, hakuwa ameambiwa kwamba atapigwa picha, na sigaa yake ilikuwa mdomoni. Karsh, aliyekuwa amekwisha kutega taa zake, alimwendea, akaomba radhi, akaichomoa sigaa ile, akarudi kwenye kamera na kupiga. Uso ambao watu wengi waliusoma kama ukaidi wa Uingereza vitani ulikuwa pia uso wa mtu aliyetoka kunyang'anywa sigaa yake. Katika picha nyingine ya muda mfupi baadaye anatabasamu. Anayeiga taa za Karsh atapata taa tu. Anayejifunza kwake atajiuliza kama mwanahabari ana haki ya kumchokoza mtu ili apate uso anaoutaka. Kwa maoni yangu, kiongozi mwenye mamlaka, aliyezoea kuupanga uso wake mbele ya umma, anaweza kuvumilia uchokozi mdogo wa namna hiyo. Mtu aliyefiwa jana hapaswi kutendewa hivyo hata kidogo, hata kama picha itakayopatikana itachapwa ukurasa wa kwanza.

Kando ya Karsh mweke Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Wateja wake walikuja kwa hiari yao, walilipia, na picha ilikuwa mali yao. Studioni mlikuwa na redio, saa, suti na vito ambavyo mteja aliweza kuazima, na kitambaa cha nyuma, katika miaka ya mwanzo, kilikuwa tandiko la kitanda cha Keïta mwenyewe. Kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa sababu vifaa vilikuwa ghali, hivyo kazi yote ya kuyapanga mabega, vidole na upande wa uso ilimalizika kabla ya shata, yaani kizibo kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, kufunguka. Katika picha hizo aliyepigwa ndiye anayesema anataka kuonekana vipi, na ustadi wa mpigapicha unatumika kumfikisha hapo. Huenda mwalimu wako atasema kwamba hizo si picha za habari, na kwa maana finyu atakuwa sahihi. Lakini anayetaka kujua wakazi wa Bamako walijionaje katika miaka ya mwisho ya utawala wa Ufaransa hatapata ushahidi mwingi ulio bora kuliko huo.

Richard Avedon, mpigapicha wa Marekani, alikwenda upande wa pili kabisa. Kati ya mwaka 1979 na 1984, kwa kazi aliyoagizwa na jumba la makumbusho la Amon Carter la Texas, alizunguka magharibi ya Marekani akiwapiga picha wachimba makaa, wafanyakazi wa visima vya mafuta, wahudumu na watu wasio na makazi, wote wakiwa wamesimama kivulini mbele ya karatasi nyeupe. Karatasi ile iliwang'oa mahali pao, na hivyo kila kitu isipokuwa uso na nguo kilikuwa uamuzi wa Avedon. Alilaumiwa kwamba aliibuni magharibi yake mwenyewe, naye hakudai kuwa ameonyesha ukweli wote wa sehemu hiyo. Mimi navutiwa na kazi hiyo, lakini sikushauri uanze nayo, kwa sababu mwanafunzi anayeondoa mahali katika picha huwa bado hajajifunza kupatumia.

Kupatumia mahali ndiko kulikompa sifa Arnold Newman. Katika picha yake ya mwaka 1946, mtunzi wa muziki Igor Stravinsky amesukumwa kwenye kona ya chini, na kifuniko cha piano kilichoinuliwa kimetawala sehemu kubwa ya fremu kwa umbo linalokumbusha alama ya noti. Jarida la Harper's Bazaar, lililoiagiza picha hiyo, halikuitaka. Wanafunzi wengi wanapoiga njia hii humsimamisha fundi mbele ya zana zake na kudhani wamemaliza, kumbe picha hiyo inaeleza kazi tu, na kazi hiyo ingeweza kuelezwa na kibao cha mlangoni. Kilichomsaidia Newman ni kwamba alichagua kitu kimoja na kukipa ukubwa unaolingana na uzito wake katika maisha ya mtu huyo, akaviacha vingine nje.

Wa mwisho ninayekutajia ndiye ninayemthamini zaidi kwa kazi unayoikusudia. Mwaka 1942 Gordon Parks, akiwa mwanafunzi wa kazi katika ofisi ya serikali mjini Washington, alimpiga picha Ella Watson, mwanamke mweusi aliyekuwa akifanya usafi katika jengo hilohilo. Alimsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio ukiwa mkono mmoja na mopu ikiwa pembeni, kwa mkao unaorejea mchoro maarufu wa Grant Wood wa mwaka 1930 unaomwonyesha mkulima na mwanamke aliyesimama kando yake. Hakuna kitu katika picha hiyo ambacho hakikupangwa. Hata hivyo, Parks alianza kwa kuzungumza na Ella Watson kuhusu maisha yake, na baada ya picha hiyo aliendelea kumpiga picha nyumbani pamoja na wajukuu wake, mtaani na kanisani. Picha iliyopangwa inasimama katikati ya picha nyingi ambazo hazikupangwa kwa namna hiyo, nazo zinaipa ushahidi. Anayeitazama peke yake anaona hoja ya Parks. Anayeutazama mfululizo wote anamwona pia Ella Watson.

Hapo ndipo kanuni mliyofundishwa inapoeleweka. Inakataza kupanga tukio na kulitoa kama lilivyotokea lenyewe, kwa mfano kumwomba mwombolezaji arudie kulia, au kumwambia askari apite tena. Picha ya sura ni tofauti kwa sababu mtazamaji anaona wazi kwamba aliyepigwa anajua kuwa kuna kamera mbele yake. Kumwomba asogee dirishani hakumdanganyi mtu yeyote. Udanganyifu huanza pale picha iliyopangwa inapovishwa sura ya tukio, kama vile mtu aliyeombwa ashike kitabu anapoandikwa kwamba alikutwa akisoma. Mara nyingi kosa huwa katika maneno kuliko katika picha yenyewe. Mwaka 2015 shirika la World Press Photo liliifuta tuzo ya mfululizo wa picha kuhusu mji wa Charleroi nchini Ubelgiji baada ya kuthibitika kwamba picha mojawapo ilipigwa Brussels, hali maelezo yake yalisema vinginevyo.

Kuhusu mtu kukakamaa, fahamu kwamba aghalabu mtu hukakamaa kwa sababu hajui unataka nini kwake na mikono yake haina kazi. Nenda ukiwa umesoma habari zake, ili mazungumzo ya mwanzo yasiwe ya kuuliza jina na umri. Kaa naye kamera ikiwa imewekwa chini, na katika muda huo tazama anashika nini anapoongea, anageuza kichwa upande gani anapofikiri, na mwanga wa chumba unaangukia wapi. Baada ya hapo mweleze waziwazi unataka akae wapi na kwa nini, kisha nyamaza. Wapigapicha wengi vijana hujaza kimya kwa maagizo ya kidevu juu, kidevu chini, tabasamu kidogo, na kila agizo linamwondoa mtu katika mawazo yake na kumrudisha kwenye hofu ya kutazamwa. Avedon alikuwa akisimama kando ya kamera yake kubwa badala ya kujificha nyuma yake, ili aliyepigwa amtazame mtu na si chombo. Ukiwa na kamera ndogo unaweza kuiweka kwenye miguu mitatu na kufanya vivyo hivyo. Utagundua pia kwamba uso hulegea pale mtu anapodhani kazi imekwisha. Ni halali kuipiga picha hiyo, ila mwonyeshe kabla hujaondoka, kwa kuwa alipokaa na kutulia hakukubaliana nawe kuhusu uso huo.

Upande wa ufundi sitakaa sana. Ukubwa wa pua dhidi ya masikio hutokana na umbali uliosimama, na lenzi huamua tu ni kiasi gani cha mazingira kinaingia. Ukiusogelea uso hadi nusu mita utauharibu kwa lenzi yoyote, na kuanzia mita moja na nusu hivi utaanza kuuona kama watu wanavyouona katika mazungumzo. Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 85 inafaa kwa kichwa na mabega, na ya 35 inafaa unapotaka chumba kionekane. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Jambo moja linanikera: mtindo wa kufungua lenzi hadi f/1.4, yaani tundu pana sana la kupitisha mwanga, ili kila kitu nyuma kiyeyuke. Kwa mpigapicha wa harusi huenda ni pambo, lakini kwa mpigapicha wa habari ni kuitupa nusu ya habari aliyotumwa kuileta. Jaribu f/4 au f/5.6, ambapo tundu ni dogo zaidi, uone mahali panavyoanza kusema.

Na siku utakapoulizwa tena ni nani waliokujenga, taja picha badala ya majina. Chagua picha tatu ulizozisoma kwa swali nililokupa, eleza katika kila moja ni uamuzi gani uliofanywa na nani, kisha toa picha yako moja ambamo uliufanya uamuzi wa aina hiyo, au uliukataa kwa makusudi. Wazee na mikunjo yao wapumzishe kwa sasa. Kijana mwenye uso laini usio na alama za kumsaidia mpigapicha atakufundisha zaidi, kwa sababu itabidi umjue ndipo picha yake iseme chochote.

SWALI: Ninapompiga picha mtu mwenye ngozi nyeusi sana karibu na dirisha, ama uso wake unageuka kivuli kisichosomeka, ama unatoka na weupe wa ajabu kana kwamba umepakwa unga. Je, nibadilishe kamera?
Msomaji anayejifundisha mwenyewe

JIBU: Usibadilishe kamera kabla hujaelewa jinsi inavyopima mwanga. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba eneo lililo mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Dirisha likiwa nyuma ya mtu wako, kamera huona mwanga mwingi na kuitia picha yote giza, na uso ndio unaopotea kwanza. Ukiiagiza ipime uso peke yake, hufanya kinyume: inauona uso mweusi kama kijivu kilichokosa mwanga, kwa hiyo inauongezea mwanga hadi ufikie kijivu hicho, na hapo ndipo unapopata ule unga unaousema, huku shati jeupe likipoteza nyuzi zake zote. Pima uso, kisha punguza mwanga kwa hatua moja hivi (yaani hadi nusu yake) ikiwa ngozi ni nyeusi sana, piga picha ya majaribio, na uitazame histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha giza na mwanga katika picha, badala ya kuamini kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, kwa kuwa ina nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha.

Zaidi ya kipimo, utazame mwanga wenyewe. Umbo la uso mweusi husomeka sana kwa mng'ao, yaani mwanga unaoakisiwa kwenye paji, shavuni na kando ya pua, kuliko kwa kivuli. Chanzo kipana, kama dirisha kubwa lililo ubavuni, hutoa mng'ao mpana unaopungua taratibu. Flashi ndogo iliyoelekezwa usoni moja kwa moja hutoa madoa makali. Mgeuze mtu dirisha liwe upande wake, na weka kitambaa cheupe upande wa pili kurudisha mwanga kidogo kwenye kivuli, lakini usikifute kivuli chote.

Dhana kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupiga ina historia yake. Kwa miongo mingi kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zilizotumiwa na maabara kusawazisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa baadaye sana, katika miaka ya 1990. Vifaa vilipangwa kuifaa ngozi ya aina moja, kisha ngozi nyingine zikaitwa tatizo. Kwa sababu hiyo uwe mwangalifu unaporekebisha picha kwenye kompyuta. Kurekebisha kipimo cha mwanga kilichokosewa ni sehemu ya kazi. Kumfanya mtu awe mweupe kuliko alivyo ni kubadilisha habari, sawa na kumbadilishia nguo.

SWALI: Mhariri mmoja ameikataa picha yangu ya mama mkimbizi kwa sababu sikuandika jina lake. Ikiwa uso unasema kila kitu, jina lina umuhimu gani?
Mpigapicha wa kujitegemea

JIBU: Mhariri huyo alifanya kazi yake. Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, Dorothea Lange alipiga picha ya mama na watoto wake ambayo ilikuja kuwa alama ya umaskini wa Marekani wa miaka ile. Lange mwenyewe aliandika mwaka 1960 kwamba hakumuuliza mama huyo jina wala historia yake. Mama huyo, Florence Owens Thompson, hakujulikana kwa jina hadi mwaka 1978, na maelezo yaliyokuwa yakiisindikiza picha hayakusema kwamba alikuwa wa kabila la Cherokee. Lange alieleza kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula, lakini familia ilikanusha. Uso uliosema kila kitu haukuweza kuyasema hayo. Vilevile msichana wa Kiafghani aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya Nasir Bagh nchini Pakistan, akatokea kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985, alitambuliwa kuwa Sharbat Gula mwaka 2002 tu. Alikuwa mtoto, na kwa muda wote huo macho yake yalijulikana na mamilioni ya watu ambao yeye hakujua habari zao.

Linganisha na kazi ya Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye tangu mwaka 2006 amekuwa akipiga picha za sura za wanawake weusi wanaopenda wanawake na za watu waliobadili jinsia. Muholi huwaita washiriki, na picha huambatana na jina, mahali na mwaka. Kwa watu ambao kuonekana kwao kunaweza kuwaletea madhara, jina lililowekwa kwa ridhaa yao ni sehemu ya kile wanachokisema.

Beba daftari. Andika jina kama mwenyewe anavyoliandika, umri, mahali, tarehe, na mlichokubaliana kuhusu matumizi ya picha. Msomee kabla hujaondoka. Kwa mtoto, ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye aulizwe, kwa kuwa anaweza kukataa hata mlezi akikubali. Ziko hali ambazo jina halipaswi kuchapwa, kama vile kwa waliotendewa ukatili wa kijinsia na kwa wakimbizi wanaosakwa na waliowafukuza. Katika hali hizo amueni pamoja, kabla ya kupiga, kama mtatumia mikono, kisogo au umbo lililo mbele ya mwanga, kwa sababu uso uliokwisha kupigwa unabaki ndani ya faili hata ukifunikwa gazetini. Mhariri ajulishwe jina kwa siri ili aweze kuthibitisha habari. Kabla ya kutuma, ondoa kwenye faili taarifa za mahali ambazo simu na baadhi ya kamera huzihifadhi zenyewe, kwani kumficha mtu jina huku picha ikibeba vipimo vya nyumba anayolala hakumlindi.